Vidole vya Umeme

Saluni ni yangu, kwa hiyo habari hii nitaisimulia mimi, na anayeona natia chumvi aje akae kwenye kiti changu nimwoshe kichwa kwa maji ya baridi.

Tulimwita Umeme kwa ajili ya vidole vyake. Kichwa ambacho msusi mwingine angekianza asubuhi akakimaliza jioni, yeye alikimaliza kabla mteja hajaanza kulalamikia kiuno. Mistari imenyooka, haivuti ngozi, haikuachi na nyusi zimepanda juu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata, na wakikuta foleni wanasubiri. Mle ndani wako wasusi wengine, viti vyao vitupu, na mteja anakwambia macho makavu, "Hapana, mimi nimemfuata Umeme." Wenzake walinuna. Mimi nilichekelea nyuma ya kaunta, maana mteja anayesubiri mwisho wake hununua na mafuta.

Hakuzaliwa nchi hii. Alitokea nchi nyingine, na kilichomtoa huko hajawahi kukieleza kwa kirefu, nasi hatukumchimba. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, mtoto wa kike kamshika sketi, akaniomba kazi. Nikamwambia sina. Ilikuwa kweli sina. Ila siku hiyo msusi wangu mmoja hakutokea, na mteja wake alikuwa kitini, amefumuliwa nusu kichwa, kavimba kwa hasira mpaka nikaogopa atapasuka. Yule mwanamke akamtazama mteja, akanitazama mimi, akaenda kunawa mikono. Hakumwomba mtu ruhusa. Nikafungua mdomo nimfukuze, na mpaka nipate maneno alikuwa ameshamaliza upande mmoja. Nikaufunga mdomo wangu. Mteja alipojiona kwenye kioo akaniuliza, "Huyu ulikuwa umemficha wapi siku zote?"

Tangu hapo hakutoka. Mtoto akakulia pale pale, nyuma ya kaunta, akiandika kazi zake za shule juu ya katoni za nywele za bandia. Tukamwita Mwalimu, kwa sababu hata kabla hajajua kusoma sawasawa alikuwa anasahihisha wateja. "Shangazi, hujasema tafadhali." Kimo chenyewe hakijafika kwenye beseni! Alipokuwa mkubwa akatangaza kwamba atakuwa mwalimu kweli, na kwamba maisha yake yote hatashika kichwa cha mtu. "Mama, kusuka ni kazi yako. Mimi usinihesabu." Umeme alikuwa anacheka tu. Kichwa cha binti huyo hakikuwahi kuguswa na mkono mwingine ila wa mama yake. Hata mimi, mama yake mkubwa, nikimsogelea na chanuo alikuwa anakimbia.

Sasa tuje kwenye uraia.

Umeme alipotimiza ule muda wanaotaka mgeni awe ameishi nchini, alinijia asubuhi amevaa gauni lake la kutokea. "Dada," akasema, "nataka unidhamini." Nikaanza kukohoa. Watu huniita mkono wa birika, na sijawahi kukataa.

"Siyo mkopo," akasema. "Nataka kuomba uraia. Wanataka raia anayenifahamu aje aseme ananifahamu."

"Nakufahamu mpaka unavyokoroma," nikamwambia. "Leta kalamu."

Haraka yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Mwalimu. Sheria yao ni hivi: mtoto ambaye hajafika miaka kumi na minane huingia kwenye faili la mama yake. Mama akiapa, mtoto naye amekuwa raia, basi, hakuna maneno. Lakini akifika miaka hiyo kabla mama hajaapa, anatolewa kwenye faili. Anaambiwa wewe sasa mtu mzima, kaanze ya kwako, na hesabu ya miaka inaanza upya. Mwalimu alikuwa amebakiza miezi, siyo mingi. Na chuo cha ualimu kilikuwa kimeshamkubali, ila walimwandikia wazi kwamba nafasi ile ni ya raia na haitamngoja. Kwa hiyo yote ya yule binti yalikuwa yanasubiri mama yake anyanyue mkono aape kabla ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Pale saluni tulilijua hilo sote, na hakuna aliyelala vizuri kwa ajili yake isipokuwa Umeme mwenyewe.

Maana yule mwanamke hana hofu. Sijui aliiacha wapi. Ukimwuliza, "Umeme, na wakikataa?" anakutazama kama umemwuliza na jua likikataa kuchomoza. "Wakatae kwa nini? Nimefanya nini?"

Mtihani wa mdomo haukumsumbua. Maswali yako kwenye kitabu chembamba: bunge kazi yake nini, rangi za bendera zina maana gani, mto mrefu kuliko yote unaanzia wapi. Kitabu tukakisimamisha mbele ya kioo. Kila mteja anayekaa kitini anamwuliza swali, Umeme anajibu huku anasuka, akikosea anasomewa jibu. Siku moja wakanigeuzia kibao mimi mwenye nchi, wakaniuliza jaji mkuu anateuliwa na nani. Nikasema nasikia harufu ya draya inaungua, nikaenda zangu nyuma. Kama wangekuwa wanafukuza watu kwa mtihani ule, mimi ningekuwa nimefunga virago zamani.

Alijibu yote. Mwisho mmoja wa wazee waliokuwa wanamhoji akamwuliza kwa nini anataka kuwa raia wa hapa. Akamjibu, "Kwa sababu hapa ndipo watu wananisubiri." Yule mzee akaandika, akapiga mhuri. Ikabaki kitu kimoja tu, tena kitu ambacho hata hatukukiweka akilini: alama za vidole.

Chumba cha vidole kiko mwisho wa korido, kina benchi la chuma, feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na meza yenye kimashine kidogo kama sahani ya sabuni, juu yake kioo chenye taa. Kidole kikisomeka taa inawaka kijani. Kisiposomeka inawaka nyekundu na mashine inalia. Afisa wa hapo ni binti mmoja mpole, kofia kichwani, na chini ya kofia mistari yake ya nywele imeanza kuota manyoya. Hata hatujakaa, Umeme akaninong'oneza, "Dada, umeiona ile mistari?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Umekuja kutoa vidole."

Akaweka dole gumba. Nyekundu. Akaweka kinachofuata. Nyekundu. Afisa akafuta kioo, akafuta vidole vya Umeme kwa kitambaa, akavishika mwenyewe akavibonyeza kimoja kimoja. Ile mashine ililia mpaka watu wa benchi wakaanza kutuchungulia tumeiba nini.

"Mama, kazi yako nini?" afisa akauliza.

"Nasuka."

Afisa akamgeuza mikono kwenye mwanga wa dirisha, akainama kutazama. Nami nikainama. Jamani, mikono ile nilikuwa nayo kila siku na sikuwahi kuiona. Ncha za vidole zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Miaka yote ile nywele za bandia zimepita pale katikati ya vidole, zikivutwa, zikisokotwa, halafu ncha zichovywe kwenye maji ya moto, halafu dawa za kulainisha nywele. Mistari yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kwa kuchora mistari kwenye vichwa vya wenzake.

Damu ikanichemka. "Binti yangu," nikamwambia afisa, "mtu huyu hapa, anapumua, ana kivuli, mimi mdhamini wake nimesimama. Alama gani nyingine unataka?"

"Mama, mimi sikatai mtu," akasema. "Mashine ndiyo inakataa. Ngozi huwa inarudi. Apumzishe mikono, apake mafuta, nitawapa tarehe nyingine."

Njiani Umeme akawa anavitazama vidole vyake na kucheka. "Nilijua nimefanya kazi," akasema, "lakini sikujua nimefanya kiasi hiki."

Akapunguza kazi, akapaka mafuta, na kwa kweli ngozi ikaanza kurudi. Mistari ilionekana, hafifu, lakini ipo. Nani aliharibu? Mapenzi yaliharibu. Asubuhi ya tarehe ya pili Umeme alipita saluni kunichukua, na pale kuna mwenzetu tunamwita Bi Kucha, kazi yake ni kucha na mikono. Bi Kucha akamwona, akaruka. "Weee! Huendi kushikwa mikono na serikali ukiwa hivyo! Kaa hapa!" Akamkalisha, akachanganya sukari na ndimu na mafuta, akamsugua. Akachukua brashi. Akachukua lile jiwe la visigino. Akasugua kidole kimoja kimoja mpaka kinang'aa, akakifuta, akakibusu. Saluni nzima ikapiga makofi, na wateja wakasema kwa mikono hiyo hata rais atampa mkono.

Nani mwingine duniani angefanya kosa kama lile? Kwetu sisi mtu akiwa na shughuli nzito tunamwosha, tunamsugua, tunampaka, anatoka hapo anameremeta. Hiyo ndiyo dawa tunayoijua kwa kila jambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba safari hii ilitakiwa mikono mibaya.

Mashine ililia kuliko mara ya kwanza. Afisa akaivuta mikono ya Umeme, akainusa.

"Ndimu?" akasema. "Mama, nani amekusugua?"

"Rafiki yangu," Umeme akajibu. "Ananipenda."

Yule binti akafumba macho kidogo, sijui alikuwa anacheka au anasali. Kisha akatueleza bila kuzungusha. Ipo mara ya tatu, nayo ndiyo ya mwisho. Ikikataa tena, faili linapelekwa makao makuu ili wamthibitishe kwa njia nyingine. Nikauliza hiyo njia nyingine inachukua muda gani. Akasema, "Mama, siwezi kukudanganya. Yako mafaili yamekwenda huko, mpaka leo nayasikia tu." Akafungua kalenda. Tarehe aliyotupa ilikuwa karibu kabisa na kiapo cha mwisho kabla ya Mwalimu kutimiza miaka yake. Baada ya hapo hakuna nafasi nyingine. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na kitabu mapajani. Alituona tu tulivyotoka, akageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Bi Kucha aliposikia alilia mpaka nikamfungia meza yake ya kucha. Umeme akaenda akakaa pembeni yake. "Shoga, umenipendezesha, sasa machozi ya nini? Vidole ni vyangu, vitarudi. Vingekwenda wapi?"

Basi nikatangaza sheria. Nilipanda juu ya kiti, nikapiga chanuo kwenye kioo ili wanisikie. Kuanzia leo Umeme hagusi kichwa. Hagusi sabuni, hagusi maji ya moto, hagusi dawa, hagusi hata kitana. Nyumbani hafui, hasugui sufuria. Atavaa glavu za pamba zenye mafuta ndani, asubuhi mpaka asubuhi. Na atakayemwona na kichwa cha mtu mkononi aniite mimi, nitajua la kufanya. Bi Kucha ndiye aliyemshonea zile glavu, nyeupe, na akanyoosha mkono kuapa kwamba safari hii hatamgusa hata kwa brashi.

Mnadhani ilikuwa kazi rahisi? Mwanamke yule hajui kukaa. Nilimweka kwenye kiti karibu na mlango, apokee wateja. Wakiingia wanamwuliza, "Vipi leo?" na yeye ananyanyua glavu zake, na saluni yote inaitikia, "Umeme umekatika!" Siku za kwanza ilichekesha. Halafu nikaanza kuona vidole vyake vikitembea vyenyewe ndani ya glavu, vinasuka hewa. Mteja akikaa mbele yake na nywele zimefumuka, yeye anauma mdomo. Mara moja nilimkuta nyuma kwenye stoo anasuka kifagio. Kifagio! Nikampokonya, nikamtukana, tukacheka, lakini moyoni niliona vibaya.

Na wateja, nao ni binadamu. Walisubiri kidogo, kisha mmoja akaenda kwingine, na mwingine akamfuata. Foleni ya Umeme, aliyoijenga kichwa kwa kichwa, ikaanza kumeguka mbele ya macho yake. Alikuwa anautazama mlango ukifungwa, kisha anazitazama glavu.

Siku moja akaja mama mmoja wa benki, mteja wake wa siku nyingi. Ana safari kesho yake na kichwa kiko ovyo. Nikampa msusi mwingine, akakataa. Nikamwomba, akakataa. Akachukua mkoba wake. "Pole, Umeme," akasema. "Nitajaribu pale ng'ambo ya barabara." Umeme akainuka nusu, mkono mmoja umeshashika ncha ya glavu aivue. Mimi nikapiga hatua kumzuia.

Mwalimu alikuwa nyuma ya kaunta na kitabu chake. Akakifunga. Akapita katikati yetu, akaenda kunawa mikono. Hakumwomba mtu ruhusa.

"Shangazi, kaa," akamwambia mama wa benki. Kisha akamgeukia mama yake. "Haya, nielekeze. Naanzia wapi?"

Saluni nzima ikageuka kutazama. Umeme akavuta kiti akakaa nyuma ya binti yake, mikono ameikunja mapajani, akaanza kusuka kwa mdomo. "Gawa katikati. Siyo hapo, fuata pua yake. Chukua nywele kidogo. Kidogo zaidi. Usivute, huyo ni mtu, siyo kamba. Kidole cha kati kiende chini. Hivyo hivyo. Endelea." Yule mtoto aliyekulia chini ya beseni alikuwa ameona kila kitu miaka yote, ila hakutaka kukubali kwamba anakijua. Alitumia siku nzima. Mstari mmoja ulipinda kidogo, na mama wa benki akauona, na hakusema. Alipotoka akamwambia, "Nikirudi safari, wewe ndiye utanifumua."

Kesho yake wakaja wengine. Mwalimu akitoka shule anavaa aproni, mama yake anakaa nyuma yake, mdomo unafanya kazi na mikono inapumzika. Wateja wakampa jina jipya siku ile ile: Jenereta. "Umeme umekatika, washeni Jenereta!" Foleni ikarudi. Mistari ikanyooka. Ikafika mahali Umeme akawa anasema neno moja tu kwa kichwa kizima, na neno lenyewe ni "Ehe."

Lakini kichwa cha Mwalimu mwenyewe kilikuwa chini ya kitambaa. Nywele zilikuwa zimefumuka tangu siku ya sheria yangu. Nikamwambia, "Njoo nikusuke mimi, unatutia aibu, msusi gani huyu?" Akatikisa kichwa. "Namsubiri mama."

Siku moja nikamwona anaingiza ncha za rasta kwenye maji ya moto, akakunja uso. Nikamshika mkono. Vidole vyekundu, viwili vimechubuka. Kabla sijasema, Umeme naye alikuwa ameona. Akasimama. Akaivua glavu ya kulia hapo hapo.

"Irudishe," Mwalimu akasema.

"Mwanangu, hebu—"

"Mama, irudishe. Ukigusa kichwa leo, mimi chuo siendi. Hata wanipe uraia wa dunia nzima, siendi." Alikuwa bado ameshika rasta za mteja mkononi. "Wewe umenisukia maisha yangu yote. Mimi nakusukia wiki chache unaona nyingi?"

Umeme akairudisha glavu. Mteja aliyekuwa kitini akaniomba kitambaa cha kufutia macho, na mimi nilikuwa nakitumia. Nilimpenda yule mtoto siku ile kama nimemzaa, na ninalisema hili wazi ingawa mwenyewe akisikia atavimba kichwa.

Tarehe ya tatu ikafika. Bi Kucha tulimfungia nyumbani kwake, kwa ridhaa yake. Umeme akavua glavu mbele ya afisa, akanyoosha mikono. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ukingo wa meza. Akaweka dole gumba kwenye kile kioo.

Taa ikatulia. Ikafikiri. Ikawaka kijani.

Kidole cha pili, kijani. Cha tatu, kijani. Nikapiga kigelegele, afisa akanionya, nikakimeza, kikatoka tena kwenye kidole cha tano. Kidole kidogo cha kushoto ndicho pekee kilichogoma, na afisa akasema hicho hakizuii kitu. Akapiga mhuri kwenye faili.

"Nilikwambia vitarudi," Umeme akasema. Kisha akainama juu ya meza, kwa sauti ya chini na ya heshima. "Binti yangu, hiyo mistari yako nimeivumilia mara tatu. Nikishaapa, uje."

Afisa akaishika kofia yake, akacheka mpaka watu wa benchi wakashangaa. "Nitakuja, mama. Ila msiivue hiyo glavu mpaka siku ya kiapo. Siku hiyo mnachukuliwa vidole tena, vya kitambulisho."

Kiapo chenyewe ni ukumbi wenye viti vya plastiki na kipaza sauti kinachokoroma. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na nguo yake nzuri kuliko zote. Wakaambiwa wanyanyue mkono wa kulia. Nikauona mkono wa Umeme ukipanda katikati ya mikono yote, mkono tulioulinda kama yai, umekaa wazi, umetulia. Mwalimu alikuwa pembeni yake, bado mtoto kwa hesabu ya serikali, ingawa siku alizobakiza zilikuwa za kuhesabika. Umeme aliapa kwa sauti iliyofika mpaka nyuma tulipokaa mimi na Bi Kucha. Hakulia. Sisi ndio tuliolia, watu wakadhani sisi ndio tumepewa uraia. Alipopokea cheti akatuonyesha kwa mbali: jina lake, na chini yake jina la binti.

Basi imekwisha, nikasema, twendeni tukale. Kumbe bado korido.

Tukaingia kwenye chumba kile kile, afisa yule yule, feni ile ile. Umeme akaweka vidole, kijani tupu, mara hii hata kile kidogo. Akasogea. Mwalimu akaweka dole gumba.

Nyekundu.

Akaweka kinachofuata. Nyekundu. Afisa akafuta kioo. Nyekundu tena, na mashine ikalia ule mlio tunaoujua sisi kuliko wimbo wa taifa. Afisa akamshika mkono taratibu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa anautazama.

"Na wewe, mdogo wangu," akauliza, "kazi yako nini?"

Yule mtoto aliyeapa hatashika kichwa cha mtu maishani akavitazama vidole vyake.

"Nasuka," akasema.

Afisa akatutuliza haraka, kwa sababu aliniona nimeshavuta pumzi. Uraia ameshapata, cheti kiko mkononi, chuo hakitaki zaidi ya hicho. Kitambulisho kitasubiri. Apumzishe mikono tu, arudi. Lakini Umeme hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameichukua mikono ya binti yake, anapitisha dole gumba lake juu ya ncha za vile vidole, moja baada ya nyingine, anatafuta mistari ambayo haipo. Tangu mlangoni kwangu siku ile ya kwanza, sikuwahi kumwona Umeme akilia. Alilia hapo, mbele ya ile mashine, bila kujificha uso.

Hatukwenda kula. Tulirudi saluni moja kwa moja. Umeme alikuwa bado na gauni la kiapo, cheti nimekishika mimi kwa sababu hakumwamini mwingine. Akamkalisha Mwalimu kwenye kiti cha mbele ya kioo. Akatoa zile glavu nyeupe kwenye mkoba, akamvalisha binti yake, kulia, kisha kushoto, akaikunja mikono yake vizuri mapajani. Akamfungua kitambaa, nywele zikasimama pande zote, tukacheka.

Kisha akaenda kunawa mikono.

"Mama, polepole," Mwalimu akasema. "Zimeshikana sana."

"Tulia," Umeme akamwambia, akaichukua sehemu ya kwanza kwa vidole vyake vipya. "Wewe ndiye kichwa changu cha kwanza nikiwa raia."